Namba Tasa

Swali lilitoka dawati la pili, upande wa dirishani, kwa binti ambaye tangu nianze hakuwa amesema neno.

"Madam, kwa nini zinaitwa tasa?"

Kabla sijafungua mdomo, mvulana wa nyuma akamjibu. "Si kwa sababu hazizai! Kama mwanamke tasa."

Darasa likacheka. Na mimi nikacheka, maana ukiwa umesimama mbele ya watoto 62 wa kidato cha kwanza, chaki mkononi, huna muda wa kuchagua uso wa kuvaa. Karibu na mlango, mdogo wangu, ambaye ndiye mwalimu wao halisi, aliinamisha kichwa akawa anasoma simu. Simu haikuwa na mtandao. Pale shuleni mtandao unaupata ukipanda juu ya jiwe.

Nina ndoa ya miaka tisa na sina mtoto.

Nikawaambia watoto kwamba ni swali zuri na tutalijibu kesho. Ndivyo wanavyosema walimu wote wasio na jibu. Lakini mimi hata mwalimu si mwalimu. Ni mwandishi wa habari Dar es Salaam, nilikuwa nimekuja nyumbani Singida kwa likizo ya wiki tatu, mwezi wa Julai, wakati upepo wa huko unakupiga mpaka masikio yanauma na alizeti imeanikwa kila penye turubai. Mdogo wangu anafundisha Hisabati shule ya kata, mwendo wa dakika arobaini kwa bodaboda kutoka mjini. Aliniomba niende siku moja nikawaambie wanafunzi wake kuhusu kazi ya uandishi. Nikaenda, nikaongea dakika ishirini, wakapiga makofi, wakaniuliza kama nimewahi kumwona Diamond Platnumz ana kwa ana. Kipindi kilichofuata kilikuwa cha Hisabati. Nikakaa nyuma nimsikilize mdogo wangu.

Alikuwa anarudia mada ya kwanza kabisa ya kidato cha kwanza, mada ya namba, kwa sababu kwenye mtihani darasa karibu lote lilianguka. Akaandika ubaoni maneno matatu ya Kiingereza: factors, multiples, prime numbers. Akaeleza vizuri, kwa utaratibu, kwa Kiingereza. Wakaitikia "Yes sir" kwa sauti moja. Halafu akamsimamisha binti mmoja ataje factors za 12. Binti akasimama wima akasema: 12, 24, 36, 48. Akakaa akiwa hana wasiwasi hata kidogo.

Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Ila alikuwa anajibu swali lingine.

"Hawajui hesabu?" nilimwuliza mdogo wangu baadaye, tukisubiri bodaboda.

"Wanajua, dada. Hawajui nawauliza nini."

Akaniambia kwamba yeye akimwaga Kiswahili darasani, watoto wataelewa leo na watafeli Novemba, kwa sababu karatasi ya mtihani itakuja kwa Kiingereza. Halafu akaniangalia kwa jicho la mtu anayetaka kukopa hela. "Wewe si ulisoma EGM? Njoo jioni, baada ya vipindi. Wiki mbili tu. Wewe ni mgeni, ongea unavyotaka." Mkuu wa shule akakubali. Ndivyo nilivyoingia.

*

Siku ya kwanza nilikwenda na mfuko wa vizibo vya soda na bia, nilivyovikusanya grosari ya jirani yetu. Mdogo wangu alisema watu watadhani nafungua baa. Nikawagawia watoto kwa makundi, vizibo 12 kila kundi, nikawaambia wavipange mistari iliyolingana, pasibaki kizibo nje.

Kundi moja likapanga mistari miwili ya vizibo sita sita. Jingine mitatu ya vinne vinne. Jingine likapanga mstari mmoja mrefu wa vizibo 12 na kujiona limekosea. Nikawaambia hamjakosea. Tukaandika ubaoni: 1, 2, 3, 4, 6, 12. Namba zote zinazoweza kuigawa 12 bila kubakiza kitu.

"Darasa la tano mliziitaje hizi?"

Kimya. Halafu mmoja, kwa sauti ya kuogopa, kama anayetaja jina la mtu aliyefukuzwa shule: "Vigawo?"

Basi ukawasikia. "Aaah! Vigawo!" Darasa zima. Walikuwa wanavijua. Walivifanyia mazoezi miaka miwili, wakatafuta KKS na KDS, kigawo kikubwa cha shirika na kigawe kidogo cha shirika, wakafaulu mtihani wa darasa la saba. Januari wakavuka kizingiti cha sekondari na kuviacha nje, kama viatu mlangoni.

Sasa kigawo na kigawe ni maneno yanayofanana mno, na nakumbuka hata mimi yalinisumbua nikiwa mdogo. Herufi moja tu ya mwisho ndiyo inayoyatenganisha. Lakini nilipokuwa nimesimama pale, mkono umejaa vizibo, ndipo nilipoiona kwa mara ya kwanza mantiki yake. Kizibo ni kitu kinachoziba. Kifuniko, kinachofunika. Kifungo, kinachofunga. Kigawo basi ni kinachogawa. Upande wa pili, kiumbe ni kile kilichoumbwa. Mtume ni yule aliyetumwa. Mteule, aliyeteuliwa. Kigawe ni kile kinachogawanywa. Irabu ya mwisho inakuambia nani anafanya kazi na nani anafanyiwa. Nikaandika maneno yote hayo ubaoni katika safu mbili na kuwaambia waniongezee mengine. Kwa dakika kumi tukawa tunasoma Kiswahili katika kipindi cha Hisabati, na hakuna aliyelalamika.

Kisha nikachora mstari: kigawo ni factor, kigawe ni multiple. Mbili ni kigawo cha 12, na 12 ni kigawe cha 2. Nikamwita yule binti wa 12, 24, 36. Akaniambia, bila kuulizwa, "Mimi nilitaja vigawe."

Nimeandika habari za elimu kwa miaka kadhaa. Najua historia hii kwa tarehe. Kiswahili ni lugha ya kufundishia shule za msingi za serikali tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kipande mpaka sekondari kuanzia 1985. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, walikagua wanafunzi wetu na kukuta wengi hawana Kiingereza cha kutosha kujifunzia somo lolote. Sera ya elimu ya 2014 ikafungua mlango kwa Kiswahili katika ngazi zote, ila mlango ukabaki wazi hivyohivyo, hakuna aliyepita. Mwanzoni mwa miaka ya 2020, waliokuwa wanafaulu Hisabati kidato cha nne walikuwa kama mtahiniwa mmoja kati ya watano. Yote hayo nimewahi kuyaandika. Ila nilikuwa sijawahi kumwona mtoto akisimama na jibu sahihi la swali ambalo hakuulizwa.

*

Siku ya pili ndiyo ya swali la tasa. Nilikuwa nimewapa vizibo saba. Wakapanga mstari mmoja. Wakajaribu miwili, kikabaki kimoja. Mitatu, kikabaki kimoja. Wakahangaika mpaka wakakata tamaa. Nikawapa 11, hivyohivyo. Nikawapa 13. "Madam, hivi haviwezekani," wakasema, nami nikaandika ubaoni prime numbers, na chini yake, namba tasa. Mengine nimeshayaeleza.

Jioni ile nilimkuta Mama jikoni anachekecha unga wa mtama. Nikakaa kwenye kigoda. Mama yangu kwa miaka mitatu sasa haniulizi chochote kuhusu suala lile. Kabla ya hapo alikuwa ananiuliza kila simu, kwa mafumbo, kisha akaacha ghafla, nami sijui kipi kiliniuma zaidi.

Nikamweleza yaliyotokea darasani. Akaendelea kuchekecha.

"Na wewe ukawaambia nini?"

"Nikawaambia kesho."

"Kwani namba nayo imeolewa, hata watu waiulize mbona huzai?"

Tukacheka, mimi na yeye, mpaka akaweka chekeche chini afute machozi. Sikumbuki mara ya mwisho tulicheka juu ya jambo hilo. Labda ilikuwa ndiyo ya kwanza.

Usiku nililala nikiliwaza lile neno. Magazetini hatuliandiki. Tunaandika "wanandoa wenye changamoto ya uzazi". Hata mimi nimewahi kuiandika sentensi hiyo kwenye makala ya afya, nikiwa na kadi ya kliniki kwenye mkoba, nikawahoji wanawake wengine kana kwamba natoka nchi nyingine. Mgumba tunamwita kwa kunong'ona. Tasa ni neno gumu zaidi, hutumika hata kwa ng'ombe. Mtu hakuambii usoni. Unalisikia likikatika pale unapoingia chumbani.

Na lugha nyingine zimeziitaje namba hizi? Kiingereza kimechukua neno la Kilatini lenye maana ya "ya kwanza". Wagiriki kabla yao walisema hivyohivyo. Kiarabu nacho leo kinasema ya kwanza, Kiarabu hichohicho kilichotupa shufwa na witiri. Sisi tukasema tasa. Nikawa najiuliza ni nani aliyekaa mezani siku hiyo na orodha ya istilahi, akalifikia neno hili, akamfikiria mwanamke.

*

Kesho yake nilimwomba Mama chekeche nikaenda nalo shuleni.

Nikawaambia watoto habari za Eratosthenes. Alizaliwa Afrika, kwenye mji wa Kurene ambao leo uko Libya, akawa mkuu wa maktaba ya Aleksandria, Misri, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Huyo ndiye anayesifiwa kwa kupima mzunguko wa dunia kwa kutumia vivuli. Njia yake ya kuzitafuta namba tasa inaitwa mpaka leo chekeche la Eratosthenes. Nikanyanyua chekeche la Mama, wakafurahi. Tukaandika ubaoni 1 mpaka 100. Moja tukaiweka pembeni, kwa sababu namba tasa ina vigawo viwili kamili, 1 na yenyewe, na 1 ina kimoja tu. Halafu kundi la kwanza likaja kufuta vigawe vyote vya 2, kuacha 2 yenyewe. Kundi la pili, vigawe vya 3. Kundi la tatu, vya 5. La nne, vya 7. Hapo tukaishia, maana inayofuata ni 11, na 11 mara 11 ni 121, imeshavuka ubao wetu.

Zikabaki namba 25. Zimetawanyika ubaoni bila mpangilio, kama yale mawe makubwa yanayotokeza Singida popote yanapotaka.

Yule mvulana wa nyuma, aliyesema habari za mwanamke tasa, alikuwa kwenye kundi la vigawe vya 2. Alikuwa amefuta namba 49 kwa mkono wake, vumbi la chaki limemjaa mpaka kwenye nyusi. Akasimama akiangalia ubao.

"Madam. Mbona 2 ina watoto wengi hivi?"

Nikamwambia arudie, wote wasikie.

"Si tunasema 2 ni tasa? Sasa hizi zote nilizofuta ni za nani? 4, 6, 8, 10... si zake?"

Darasa likaanza kubishana, na mimi nikakaa kwenye dawati. Kwa kweli nilihitaji kukaa.

Mmoja akasema kweli, namba tasa inazaa, tena haina mwisho. Yule binti wa dirishani akasema, taratibu, akiwa anafikiri hukohuko, "Basi haikosi watoto. Inakosa wazazi." Kwamba 12 ina wazazi, 3 na 4, au 2 na 6. Ila 7 haijazaliwa na mtu. Mwingine akapinga: 7 ina wazazi wawili, 1 na 7. "Mtu anajizaaje?" wakamzomea. Akatokea mmoja mpenzi wa mpira, akasema wote tumekosea, tasa hapa ni kama sare tasa: umeshambulia dakika tisini kwa 2, kwa 3, kwa 5, hujapata goli. Unaigawa, unaigawa, haitoi kitu. Wengi wakamkubali huyo. Mimi mpaka leo nadhani ndiye aliyekuwa karibu zaidi na mtu wa istilahi. Tasa ni kwa upande wa anayegawa. Ukisimama upande wa vigawo, namba hii imefungwa. Ukigeuka upande wa vigawe, ina uzao usiohesabika. Neno ni lilelile, unachobadilisha ni mahali pa kusimama.

Sikuwaambia hivyo. Niliwaambia wote wako sahihi kwa sehemu, jambo ambalo watoto hawalipendi.

Binti wa dirishani akauliza swali lake la pili. "Zinaisha?" Yaani, ukienda mbele sana, zitafika mwisho?

Nikawaambia kuna mtu mwingine wa Aleksandria, Euclid, aliyelijibu hilo kabla ya Eratosthenes. Chukua namba tasa zote unazozijua. Tuseme unazijua 2, 3 na 5 tu. Zizidishe: 30. Ongeza kizibo kimoja: 31. Sasa jaribu kuvipanga vizibo 31 kwa mistari miwili, kinabaki kimoja. Kwa mitatu, kinabaki kimoja. Kwa mitano, kinabaki kimoja. Kwa hiyo ama 31 yenyewe ni tasa, ama kuna namba tasa inayoigawa ambayo haikuwemo kwenye orodha yako. Vyovyote vile, orodha yako haikutosha. Na orodha yoyote utakayoileta, nitaongeza kizibo kimoja.

"Kwa hiyo haziishi," akasema.

"Haziishi."

Akaandika kwenye daftari. Nilitamani kujua ameandika kwa lugha gani.

*

Wiki ya pili nikawapa habari za mfupa wa Ishango. Nilitaka wajue kwamba mambo haya hayakuletwa na meli. Mwaka 1950, huko mashariki ya Kongo, Mto Semliki unapoanzia kwenye Ziwa Edward, mtaalamu wa Kibelgiji, Jean de Heinzelin, alifukua mfupa mdogo wenye chale zilizopangwa kwa mafungu. Unakadiriwa kuwa na miaka kama 20,000. Leo uko Brussels. Kwenye safu moja mafungu ni 11, 13, 17 na 19. Ndizo namba tasa zote kati ya 10 na 20. Wataalamu hawajakubaliana: wengine wanasema ni kalenda ya mwezi, wengine wanasema imetokea tu. Mvulana wa nyuma akauliza huyo aliyechora alikuwa anaongea lugha gani. Nikamwambia lugha yake imepotea, zimebaki chale.

Ijumaa ya mwisho tukafanya mti wa vigawo. Unachukua namba, unaipasua mpaka zibaki tasa tupu. Nikawapa 60 na kuwaita wawili ubaoni. Mmoja akaanza na 6 mara 10, mwingine na 4 mara 15. Wakashuka kwa njia tofauti kabisa, na chini wakakutana: 2, 2, 3, 5. Wakarudia na 84, wakarudia na 90. Kila mara matawi yanatofautiana, mizizi ni ileile. Hili nalo nililisoma chuoni kama kanuni yenye jina refu. Pale lilikuwa jambo la kushangaza tu, kwamba kila namba kuanzia 2 ama ni tasa yenyewe, ama imejengwa na tasa, kwa namna moja peke yake.

Halafu wakaanza na umri wao. Nina 14: 2 mara 7. Nina 15: 3 mara 5. Mwenye 16 akajisifu kwa mbili zake nne. Wenye 13 wakataniwa kidogo, ni tasa, wakajibu kwamba wao wana watoto wengi kuliko wote. Neno lilikuwa limeshakuwa lao. Walikuwa wanalirusha huku na huku kama mpira wa makaratasi.

"Na wewe, madam?"

Mdogo wangu akainuka mlangoni, akakohoa. Mwanafunzi hamwulizi mwalimu umri wake. Nikamfanyia ishara akae.

"Thelathini na saba."

Wakainama wote kwenye madaftari. Kwa 2, haiendi. Kwa 3, inabaki moja. Kwa 5, inabaki mbili. Ikifika 7 umeshapita, kwa sababu 7 mara 7 ni 49. Niliona jibu linakuja kabla halijafika, kama unavyoiona mvua ikitembea upande wa pili wa Ziwa Singidani na huna pa kujificha.

"Madam ni tasa!"

Walipaza sauti karibu darasa zima, na ilikuwa sauti ya watu waliopata jibu sahihi. Furaha tupu. Miaka tisa, na hakuna aliyewahi kuniambia neno hilo usoni. Wa kwanza walikuwa watoto 62 wa kidato cha kwanza, na walikuwa wananishangilia.

Sikulia. Nataka kuandika kwamba niliumia, kwa sababu nilitarajia kuumia, lakini nilichokisikia kilikuwa kitu kingine, kama mtu aliyebeba mzigo kichwani amepata mwenzake wa kumtua. Nikasema, "Sahihi." Nikaandika 37 ubaoni nikaizungushia duara.

Yule binti wa dirishani akanyanyuka bila ruhusa, akachukua chaki, akaanza kuandika vigawe vyake. 37. 74. 111. Akasimama. "Madam, tazama. Moja tatu!" Wakamhimiza aendelee. 148, 185, 222. Wakapiga kelele. Kila akiruka tatu zinatoka namba pacha: 333, 444, 555. Watu wakawa wamesimama juu ya madawati. Akaenda mpaka 999, chaki ikaisha.

Hakujua alichonifanyia. Alikuwa anafanya hesabu.

Njiani, mdogo wangu alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Dada, samahani."

"Ya nini? Jibu lao lilikuwa sahihi."

*

Nilirudi Dar Jumapili na dumu la mafuta ya alizeti na kuku wawili ambao Mama alisisitiza nisafiri nao. Nilimrudishia chekeche lake likiwa na vumbi la chaki. Alilipuliza, akaendelea nalo.

Sijui kama wiki mbili zimebadilisha kitu. Karatasi ya mtihani bado itakuja kwa Kiingereza, na mdogo wangu bado ana darasa moja lenye lugha mbili na dakika arobaini. Mwezi wa tisa alinitumia ujumbe. Kwenye jaribio, swali la KDS wengi walikosa. La vigawo na vigawe walipata zaidi ya nusu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Halafu akanitumia picha ya ukurasa wa daftari, kazi ya nyumbani. Swali lilikuwa la Kiingereza, linataka mwanafunzi aeleze 7, 11 na 13 zinaitwaje. Mwanafunzi alikuwa amepekua kamusi mahali fulani, akalitafuta tasa, akaandika kwa mwandiko mzuri, kwa kalamu ya bluu: barren numbers. Na chini yake, kwa Kiswahili, kwa penseli, kama mtu anayenong'ona: lakini vigawe vyake haviishi.

"Nimpe maksi au nimnyime?" mdogo wangu aliandika.

Nilikaa na simu mkononi. Mume wangu akaniuliza kuna nini, nikamwonyesha. Akasoma mara mbili.

Nikajibu: "Mpe nusu. Nusu iliyobaki nitampa mwenyewe nikija Desemba."